Mamlaka juu ya Mwonekano wa Tarehe: Historia ya Udhibiti wa Umbizo la Tarehe katika Programu za Kompyuta za Mezani, 1981–2020

1.0 Utangulizi

Kompyuta binafsi ya IBM ilipoingia sokoni mwezi Agosti 1981, jambo la kwanza ambalo mfumo wake endeshi, yaani DOS, ulimwuliza mtumiaji lilikuwa tarehe. Mashine hiyo haikuwa na saa inayoendeshwa kwa betri, hivyo kila ilipozimwa ilipoteza kumbukumbu ya siku. Swali hilo liliambatana na maelekezo ya namna ya kulijibu: mwezi kwanza, siku ya pili, mwaka mwishoni. Mtumiaji aliyelelewa katika utaratibu wa kutanguliza siku hakupewa nafasi ya kujibu kwa desturi yake. Alipaswa kuigeuza tarehe kichwani kabla ya kuiandika.

Tukio hilo dogo linabeba suala linalojadiliwa katika makala hii. Tarehe inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta si nakala ya wakati tu. Ni matokeo ya uamuzi. Kuna aliyeamua kipi kitangulie, mwaka uandikwe kwa tarakimu ngapi, mwezi utajwe kwa namba au kwa jina, na kama jina hilo litakuwa la lugha gani. Swali la kihistoria ni hili: uamuzi huo ulikuwa mikononi mwa nani, na ulihama vipi kutoka mkono mmoja hadi mwingine?

Makala inatetea hoja kwamba, katika takribani miaka arobaini, mamlaka hayo yalihama mara tatu: kutoka kwa msanidi programu kwenda kwa mfumo endeshi, kutoka mfumo endeshi kurudi kwa kiasi fulani ndani ya programu yenyewe, na hatimaye kwenda kwenye hazina ya pamoja ya data za lugha. Aidha, inaonyeshwa kuwa katika hatua mbili za kwanza utaratibu wa Marekani uliendelea kuwa chaguo-msingi, hata mahali ambapo jina la Kiswahili lilikuwa limeandikwa mlangoni.

2.0 Ukubwa wa Utata

Kabla ya kufuatilia historia hiyo ni vyema kuupima utata wenyewe, kwa kuwa mara nyingi huchukuliwa kuwa suala la mapambo. Tarehe iliyoandikwa 03/04/2015 ni tarehe 3 Aprili kwa msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam au London, na ni tarehe 4 Machi kwa msomaji wa Chicago. Utata hutokea pale tu ambapo namba zote mbili za mwanzo hazizidi 12. Katika kila mwezi zipo siku 12 za namna hiyo, hivyo kwa mwaka zipo siku 144. Zikiondolewa siku 12 ambazo namba ya siku na ya mwezi zinalingana, kama vile 05/05, zinabaki siku 132 ambazo zinaweza kusomwa kimakosa kuwa siku nyingine. Katika mwaka wa siku 365, hiyo ni zaidi ya theluthi moja.

Siku 221 zilizo nje ya kundi la utata hazileti nafuu kamili. Kwa hakika, ndizo zinazolificha kosa. Karani anayekagua orodha na kukuta 25/04 na 17/09 hushawishika kuwa orodha yote ni salama, kwa sababu hakuna mwezi wa 25 wala wa 17. Kosa likipita, kiwango chake hakitabiriki: tarehe 01/12 ikisomwa kinyume, tofauti ni siku 323. Kwa dawa yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa hati ya kuzaliwa, au kwa shauri lenye ukomo wa muda wa kukata rufaa, tofauti hiyo inatosha kubadili hatima ya mtu.

3.0 Tarehe Inayohifadhiwa na Tarehe Inayoonekana

Hatua muhimu ya kiufundi iliyowezesha udhibiti wa mwonekano ilikuwa kutenganisha tarehe inayohifadhiwa na tarehe inayoonekana. Programu za lahajedwali ziliieneza mbinu hiyo. Katika Lotus 1-2-3, iliyotolewa mwaka 1983, tarehe ilihifadhiwa kama namba ya siku zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1900. Namba hiyo haikuwa na lugha wala utaratibu wa nchi. Mwonekano ulikuwa vazi lililovishwa juu yake, na vazi hilo liliweza kubadilishwa bila kuigusa namba.

Hesabu hiyo ilikuwa na dosari inayojulikana. Lotus 1-2-3 iliuchukulia mwaka 1900 kuwa mwaka mrefu, ikaipa namba 60 tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwapo. Excel ya Microsoft iliirithi dosari hiyo kwa makusudi, ili faili za Lotus ziweze kufunguka bila tarehe zake kusogea. Toleo la Excel kwa kompyuta za Macintosh la mwaka 1985 lilitumia mwanzo mwingine, tarehe 1 Januari 1904, na tofauti kati ya mifumo hiyo miwili ni siku 1,462. Nao waliobuni hesabu za tarehe kwa zana nyingine za Windows walichagua tarehe 30 Desemba 1899 kuwa sifuri. Chaguo hilo linaonekana la ajabu hadi msomaji atakapohesabu na kukuta kwamba kwa mwanzo huo tarehe 1 Machi 1900 inapata namba 61, sawasawa na katika Lotus. Siku ya uongo imerukwa, na kuanzia hapo hesabu zote mbili zinakwenda pamoja.

Mfano huu unafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba hata namba inayodaiwa kutokuwa na upande ina historia yake. La pili, lenye uzito zaidi kwa makala hii, ni kwamba baada ya utengano huo swali la umbizo lilibaki wazi. Namba imehifadhiwa, je, nani ataivisha?

4.0 Mfumo Endeshi kama Mwamuzi

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba kila programu ijivishie yenyewe. Matokeo yake yalikuwa kwamba kompyuta moja iliweza kuonyesha maumbizo mawili au matatu kwa siku moja, kutegemea programu iliyofunguliwa. Katikati ya miaka ya 1980, DOS ilianza kutoa njia ya kuitambulisha nchi ya mtumiaji kwa amri moja katika faili ya usanidi. Nchi zilitambulishwa kwa namba zilizofuata msimbo wa simu wa kimataifa: 001 kwa Marekani, 044 kwa Uingereza. Programu iliyotaka kujua namna ya kuandika tarehe iliweza kuuliza mfumo badala ya kukisia.

Windows iliendeleza wazo hilo. Katika matoleo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, umbizo fupi na umbizo refu la tarehe vilihifadhiwa katika faili ya mipangilio ya mfumo, na mtumiaji aliweza kuvibadili kupitia Paneli Dhibiti. Kufikia Windows 95, mipangilio ya kieneo ilikuwa sehemu ya kawaida ya kompyuta ya ofisini. Kwa mara ya kwanza mtumiaji asiye msanidi alikuwa na mahali pamoja pa kusema: kwangu siku hutangulia.

Hata hivyo, mamlaka hayo yalikuwa na mipaka miwili. Kwanza, yalimfikia tu yule aliyekuwa katika orodha ya nchi zilizofikiriwa. Orodha hizo ziliundwa wakati soko la kompyuta katika Afrika Mashariki lilikuwa dogo mno. Nchini Tanzania, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na ingawa katazo hilo lililegezwa hatua kwa hatua, muongo ambao kanuni za mipangilio ya nchi ziliwekwa uliikuta nchi ikiwa na watumiaji wachache. Haidaiwi hapa kwamba katazo ndilo lililosababisha Kiswahili kukosekana. Soko dogo na umbali kutoka kwa watengenezaji vingetosha. Kinachodaiwa ni kwamba kanuni zilipokuwa zikiandikwa, sauti ya eneo hili haikuwapo mezani.

Pili, mfumo ulitoa taarifa lakini haukuweza kulazimisha. Mtumiaji anapobadili umbizo, Windows hutuma ujumbe kwa programu zote zilizo wazi. Programu isiyousikiliza ujumbe huo huendelea na umbizo la zamani hadi ifungwe na kufunguliwa tena. Hivyo basi, utii kwa chaguo la mtumiaji ulitegemea bidii ya msanidi.

5.0 Programu dhidi ya Mfumo

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 wasanidi wengi walikabiliwa na haja iliyo kinyume. Taasisi ilitaka programu yake ionyeshe tarehe kwa namna moja katika kila dirisha, kila ripoti na kila kompyuta, bila kujali mipangilio ya mashine husika. Haja hiyo ilikuwa na mantiki. Katika ofisi yenye kompyuta kumi, zikiwamo ambazo bado zina mipangilio ya kiwandani ya Marekani, kumwachia kila mtumiaji uhuru wake ni kuikaribisha hatari iliyoelezwa katika sehemu ya 2.0.

Delphi, zana ya usanidi ya kampuni ya Borland iliyotolewa mwaka 1995, ilitoa njia nyepesi. Umbizo fupi la tarehe liliwekwa katika kigeu kimoja cha jumla kilichoitwa ShortDateFormat, ambacho kilijazwa kutoka Windows programu ilipoanza. Msanidi aliweza kuandika mstari mmoja mwanzoni mwa programu na kubadili mwonekano wa tarehe kila mahali. Urahisi huo ulikuja na gharama. Kwa kuwa kigeu kilikuwa kimoja kwa programu nzima, sehemu moja ikikibadili kwa haja ya muda, sehemu nyingine iliathirika bila taarifa. Na pale programu ilipoendesha kazi mbili kwa wakati mmoja, kazi moja iliweza kusoma umbizo la nyingine. Zaidi ya hayo, Delphi yenyewe ilikuwa imeelekezwa kusikiliza ujumbe wa Windows, hivyo mipangilio ya mfumo ilipobadilika wakati programu ikiwa wazi, umbizo la msanidi lilifutwa na la mfumo kurejeshwa, isipokuwa kama msanidi alikumbuka kuuzima utaratibu huo. Ndani ya programu moja, mamlaka mawili yalikuwa yakigombania kigeu kimoja.

Tiba iliyofuata ilikuwa kuondoka katika kigeu cha jumla. Matoleo ya baadaye ya Delphi yalikusanya kanuni zote za umbizo katika rekodi inayoweza kukabidhiwa kwa kila kazi ya uumbizaji. Mfumo wa .NET wa Microsoft, uliotolewa mwaka 2002, ulifuata falsafa kama hiyo kwa kuunda dhana ya utamaduni, yaani fungu la kanuni za lugha na nchi linaloambatishwa kwa kila uzi wa utekelezaji. Lakini kwa muda mrefu haikuwapo njia ya moja kwa moja ya kuweka utamaduni mmoja kwa nyuzi zote za programu. Njia hiyo iliongezwa katika toleo la 4.5 la mwaka 2012.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi ukaidi wa chaguo-msingi ni WPF, teknolojia ya kujenga violesura vya Windows iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2006. Ndani yake, data zinazofungamanishwa na kiolesura huumbizwa kwa kufuata sifa ya lugha ya kila kipengele, na thamani ya awali ya sifa hiyo ni Kiingereza cha Marekani, hata kama Windows imewekwa katika nchi nyingine na hata kama utamaduni wa uzi umebadilishwa. Msanidi wa Arusha au wa Paris aliyefuata maelekezo yote ya .NET bado angeona mwezi ukitangulia siku mpaka agundue kuwa anapaswa kuibadili sifa hiyo katika shina la kiolesura. Uhuru ulikuwapo, lakini ulihitaji kujulikana kabla ya kutumika.

Suala la kuingiza tarehe lilikuwa la hatari zaidi kuliko la kuionyesha. Katika Microsoft Access, tarehe inayoandikwa ndani ya amri ya SQL husomwa kwa utaratibu wa Marekani, bila kujali mipangilio ya kompyuta. Tarehe 03/04/2015 inakuwa 4 Machi. Lakini ikiandikwa 13/04/2015, injini ya hifadhidata, badala ya kuikataa, hugeuza na kuisoma 13 Aprili. Huruma hiyo ya mashine ndiyo iliyozaa madhara: programu inayojaribiwa kwa tarehe za mwisho wa mwezi hufaulu, kisha hukosea kimyakimya katika siku 12 za mwanzo wa mwezi unaofuata. LibreOffice ilichagua njia tofauti. Tangu toleo la 3.6 la mwaka 2012, iliruhusu mtumiaji kutaja waziwazi mifumo ya uandishi ambayo itakubaliwa kuwa tarehe, na hivyo kutenganisha kukubali na kuonyesha.

6.0 Kiswahili katika Orodha

Ni katika muktadha huo ndipo nafasi ya Kiswahili inapaswa kutathminiwa. Windows XP ya mwaka 2001 ilikitambua Kiswahili katika mipangilio yake ya kieneo, kwa msimbo mmoja tu, sw-KE, yaani Kiswahili cha Kenya. Tanzania, nchi ambayo Kiswahili ni lugha yake ya taifa, haikuwa na msimbo wa Kiswahili katika orodha hiyo. Hilo lingeweza kuvumilika, kwa kuwa desturi ya tarehe ni moja pande zote mbili za mpaka: Kenya iliirithi kwa Waingereza, na Tanganyika ilitawaliwa na Wajerumani kisha Waingereza, ambao wote hutanguliza siku. Jambo gumu kuvumilika ni kwamba umbizo fupi lililoambatishwa kwa msimbo huo, hadi enzi ya Windows 7, lilikuwa M/d/yyyy: mwezi, siku, mwaka.

Maana yake ni kwamba Mkenya aliyechagua Kiingereza cha Uingereza katika kompyuta yake alipata tarehe kwa utaratibu wa nchi yake, ilhali aliyechagua lugha yake mwenyewe alipata utaratibu wa Marekani. Kwa programu iliyotii mfumo, kadiri ilivyokuwa tiifu ndivyo ilivyokosea. Hapa ndipo hoja ya kuwa chaguo-msingi si hali ya kutokuwa na upande inapothibitika kwa uwazi. Nafasi iliyokosa taarifa sahihi haikuachwa tupu; ilijazwa kwa desturi ya mahali bidhaa ilipotengenezwa.

Njia nyingine ilianza kufunguka katika kipindi hichohicho. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu huria za ofisi. Umuhimu wake kwa historia hii hauko katika tafsiri ya menyu peke yake. Programu huria iliwawezesha wasemaji wa lugha kurekebisha majina ya miezi, ya siku na utaratibu wa tarehe ndani ya msimbo, bila kuomba ruhusa ya mtengenezaji. Mwaka huohuo Unicode ilianza kusimamia CLDR, hazina ya wazi ya data za lugha na maeneo. Katika hazina hiyo Kiswahili kina maingizo ya Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na umbizo lake fupi la tarehe hutanguliza siku.

Hazina hiyo ilisambaa taratibu. Java iliifanya kuwa chanzo chake cha msingi kuanzia JDK 9 ya mwaka 2017, na .NET 5 ya mwaka 2020 ilianza kutumia data zinazotokana nayo hata ndani ya Windows. Uhamaji huo ulikuwa na athari yake: programu ileile, ikihamishiwa toleo jipya bila mstari mmoja wa msimbo kuguswa, iliweza kuonyesha tarehe kwa sura mpya. Waliokuwa wakihifadhi tarehe kama maandishi, badala ya kuzihifadhi kama thamani na kuziumbiza wakati wa kuonyesha, ndio walioumia.

7.0 Mipaka ya Umbizo

Pamoja na mafanikio hayo, umbizo hushughulikia mpangilio na majina tu. Haligusi dhana ya siku yenyewe. Katika programu zote zilizotajwa, siku huanza saa sita usiku. Katika mazoea ya Waswahili, saa huhesabiwa tangu macheo na machweo, na kwa wazungumzaji wengi, hususan wa pwani, usiku huitangulia siku yake, kiasi kwamba usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Programu ikiandika “tarehe 5, saa 1:00 usiku” kwa kutafsiri maneno bila kutafsiri hesabu, mashine inamaanisha saa moja baada ya siku kuanza, ilhali msomaji wa Kiswahili anaelewa jioni ya siku hiyo, saa 18 baadaye. Pale anayehesabu usiku kuwa mwanzo wa siku anapoisoma, hata tarehe yenyewe hubadilika.

Kiwango cha ISO 8601, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1988, kinachotanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kinaondoa utata katika mawasiliano kati ya mashine. Hakidai kuwa lugha ya watu, na haifai kukifanya hivyo. Kwa msomaji wa Kiswahili, umbizo lililo salama zaidi ni lile ambalo karatasi zilikuwa nalo kabla ya kompyuta: siku kwa namba, mwezi kwa jina lake, mwaka kwa tarakimu nne. “3 Aprili 2015” haisomeki kwa njia mbili.

8.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonyesha kwamba udhibiti wa mwonekano wa tarehe haukukua kwa mstari mnyoofu kuelekea uhuru wa mtumiaji. Msanidi aliyetaka uwiano ndani ya programu yake na mtumiaji aliyetaka desturi yake waliheshimika kwa zamu, na mara nyingi kosa lilipita katikati yao. Utengano wa thamani na mwonekano ulitoa uwezekano. Mipangilio ya mfumo ilitoa mahali pa kuchagua. Lakini usahihi kwa Kiswahili ulitegemea kuwapo kwa data ambazo wasemaji wenyewe wanaweza kuzisoma, kuzipinga na kuzirekebisha.

Hili lina maana kwa upangaji lugha. Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika teknolojia zimepimwa kwa kawaida kwa idadi ya istilahi zilizobuniwa na menyu zilizotafsiriwa. Mfano wa sw-KE unaonyesha kwamba lugha inaweza kuwamo katika orodha, jina lake likasomeka vizuri, na bado watu wake wakaandikiwa siku ambayo si yao. Taasisi za lugha katika nchi zinazozungumza Kiswahili zina sababu ya kuzikagua data hizi kama zinavyokagua kamusi, kwa kuwa maelfu ya programu huzisoma, na msomaji wa mwisho hana njia ya kujua kama tarehe iliyo mbele yake imegeuzwa.